Kichina: kwa nini "nǐ hǎo" haisemwi vile inaandikwa

Neno "nihao" limeingia hata kwenye michezo ya watoto. Muchina akipita barabarani Goma, Bukavu ao Butembo, watoto wanamurushia ile salamu. Yeye anacheka, ao anaendelea na njia yake. Lakini hata salamu hii ya silabi mbili ina kitu kisichoonekani kwenye karatasi. Inaandikwa nǐ hǎo, na zile alama za juu zinaonyesha kama silabi zote mbili ni za sauti ya chini. Hakuna Muchina anayeisema vile. Wote wanasema ní hǎo: ya kwanza inapanda, ya pili inabaki chini. Ukiwauliza kwa nini, wengi watakuangalia tu, kwa sababu hata wao hawasikii kama wamebadilisha kitu.

Hii si habari ya walimu wa lugha peke yao. Wafanyabiashara wa Butembo, Bukavu na Goma wamekwisha kuzoea njia ya Guangzhou. Kwenye kazi za barabara na kwenye machimbo ya dhahabu, Wakongomani na Wachina wanakutana kila siku. Vijana wengi wanajifunza Kichina kwenye telefone, neno moja moja, jioni moto ukiwepo. Kisha siku ya kukutana na Muchina mwenyewe wanashangaa: maneno wanayajua, lakini mutu akifungua kinywa hawasikii hata moja. Sababu moja kubwa ni hii: toni walizojifunza neno moja moja si zile zinazotoka kinywani maneno yakiungana.

Sauti nne

Kichina kinachofundishwa mashuleni na kinachosemwa kwenye televisheni ya Uchina kinaitwa Mandarini. Ndani yake, silabi moja inaweza kuwa maneno mane mbalimbali, kufuatana na namna sauti inavyopanda ao kushuka. Mufano unaojulikana sana ni "ma". Mā ni mama. Má ni katani, ule mumea wa kutengeneza kamba. Mǎ ni farasi. Mà ni kutukana. Herufi ni zilezile, mama na farasi wanatenganishwa na sauti tu.

Toni ya kwanza iko juu na inabaki juu, sawa na mugonjwa anayesema "aaa" muganga akimuangalia koo. Toni ya pili inapanda, sawa na mutu aliyeitwa kutoka mbali na anajibu "ee?" Toni ya nne inaanguka kwa nguvu kutoka juu, kama amri: "Toka!" Toni ya tatu ndiyo yenye matatizo, na karibu habari yote hii ni yake. Vitabu vinaichora kama herufi V: inashuka, inafika chini kabisa, kisha inapanda tena.

Aliyeleta namna ya kupima sauti hizi kwa nambari ni Muchina Yuen Ren Chao, mutaalamu wa lugha ambaye alikuwa pia mutungaji wa muziki, na pengine ndiyo sababu sikio lake lilikuwa kali hivi. Mwaka 1930 alitoa ngazi ya hatua 5: 1 ni chini kabisa, 5 ni juu kabisa. Kwa ngazi yake, toni ya kwanza ni 55, ya pili ni 35, ya nne ni 51, na ya tatu ni 214. Mpaka leo wataalamu wanatumia nambari hizo.

Sasa, ile 214 inasikika kamili mahali pachache tu: neno likisemwa peke yake, ao likiwa mwisho wa musemo, tena mutu akisema polepole. Kwingine kote toni ya tatu inakatwa ao inageuka kabisa. Ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili ao ya nne, inashuka tu na kubaki chini, haipandi tena. Chukua lǎoshī, mwalimu: "lǎo" inabaki chini kama mutu anayenung'unika, na "shī" inatokea juu. Hakuna V. Kwa hiyo ule muchoro wa V kwenye vitabu unawadanganya wanafunzi wengi. Ingekuwa vizuri kuwafundisha tangu siku ya kwanza kama toni ya tatu ni sauti ya chini, basi.

Na ikifuatwa na toni ya tatu nyingine? Pale ndipo inageuka. Ile ya kwanza inaacha kuwa ya chini na inapanda, inakuwa sawa na toni ya pili. Hiyo ndiyo habari ya nǐ hǎo. Ndiyo pia habari ya vitu vingi ambavyo mufanyabiashara anavitafuta: yǔsǎn, mwavuli, inasemwa yúsǎn; shǒubiǎo, saa ya mukono, inasemwa shóubiǎo; shuǐguǒ, matunda, inasemwa shuíguǒ. Lakini shǒujī, telefone ya mukono, "shǒu" inabaki chini, kwa sababu "jī" ni ya toni ya kwanza. "Shǒu" ni ileile, maana yake mukono, lakini kwenye saa inapanda na kwenye telefone inabaki chini. Hen nayo ni vile: hěn guì, ni ghali sana, ni ya chini, hěn hǎo, ni nzuri sana, inasemwa hén hǎo.

Kununua na kuuza

Mahali ambapo jambo hili linaweza kugusa mufuko ni kwenye maneno mawili yanayofanana sana: mǎi na mài. La kwanza, toni ya tatu, ni kununua. La pili, toni ya nne, ni kuuza. Ukiyaunganisha unapata mǎimai, biashara, ni kusema "nunua-uza". Hata Wachina wenyewe wanaona hali hii ni ya kuchekesha, lakini kwa mugeni mwenye dola mufukoni si kicheko.

Mugeni aliyejifunza kwenye telefone anajua: nikisikia sauti ya chini, ni kununua; nikisikia sauti inayoanguka, ni kuuza. Anaingia dukani. Mutu nyuma yake anazungumza juu ya kununua muchele: mǎi mǐ. Lakini mǐ, muchele, ni ya toni ya tatu pia. Basi inatoka mái mǐ, na "mai" inapanda. Ile sauti ya chini aliyokuwa akiingojea haikuja. Ni vile na kununua maji, mǎi shuǐ, ao kununua pombe, mǎi jiǔ. Kuuza muchele, mài mǐ, haibadiliki, inaanguka vilevile. Kwa hiyo ikifuatwa na neno la toni ya tatu, "mai" inayopanda ni kununua, na "mai" inayoanguka ni kuuza.

Kuna neno la tatu hapa, na ndilo limefanya mufano huu ujulikane kati ya wataalamu. Mái, toni ya pili, ni kuzika. Kununua farasi ni mǎi mǎ. Kuzika farasi ni mái mǎ. Toni ikibadilika, zote mbili zinakuwa mái mǎ. Sikio halitofautishi tena. Ni mazungumzo yenyewe yanayoonyesha kama farasi ni muzima ao amekufa.

Je, kweli sikio halitofautishi? Mwaka 1967, William Wang na Kung-Pu Li walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwasikilizisha wasemaji wa Mandarini jozi za maneno za namna hii na kuwaomba waseme ni lipi. Majibu ya kweli yalikuwa kati ya 49 na 54 kwa mia, ni kusema sawa na mutu anayerusha kichele juu na kubahatisha. Baadaye watu wa vyombo vya kupima sauti waliona tofauti ndogo sana kati ya toni ya pili ya kweli na ile iliyogeuka, lakini ni tofauti ya mashine zaidi kuliko ya masikio.

Kufikia hapa musomaji anaweza kusema: basi huu ni utaratibu wa kuvuruga watu. Kumbe mara nyingi unasaidia. Angalia neno bù, "si" ao "apana". Peke yake ni toni ya nne, linaanguka. Likifuatwa na toni ya nne nyingine, linapanda na kuwa bú. Sasa rudi dukani. Mutu akisema "sinunui", ni wǒ bù mǎi. Akisema "siuzi", ni wǒ bú mài. Mbele hata "mai" haijafika, "bu" imekwisha kukuambia ni ipi inakuja: ikianguka, ni kununua, ikipanda, ni kuuza. Mwenye kuzoea anasikia alama mbili kwa jambo moja.

Na si "bu" peke yake. Wǒ ni mimi, nǐ ni wewe, zote mbili ni toni ya tatu. "Nanunua" ni wǒ mǎi, inasemwa wó mǎi. "Nauza" ni wǒ mài, na "wo" inabaki chini. Kwa hiyo hata jina la kujitaja linaonyesha kitendo kinachofuata. Mugeni anayekaza sikio lake kwenye neno "mai" tu anasahau ushahidi uliokwisha kupita.

Bei

Kwenye bei, neno la kuangalia ni yī, moja. Neno hili dogo lina sura tatu. Ukihesabu moja, mbili, tatu, ao ukisema "wa kwanza", dì yī, linabaki juu. Likifuatwa na toni ya nne linapanda: yí kuài, yuani moja, yí wàn, elfu kumi. Likifuatwa na toni nyingine zote linaanguka: yì qiān, elfu moja; yì bǎi, mia moja. Lakini likiwa mwisho wa nambari, kama kwenye shíyī, kumi na moja, halibadiliki. Na kwenye nambari za telefone, Wachina wengi wanaacha yī kabisa na kusema yāo, ili isichanganyike na qī, saba.

Mia nyingine zinafuata sheria ya toni ya tatu. Bǎi, mia, ni toni ya tatu. Tano ni wǔ na tisa ni jiǔ, zote za toni ya tatu. Basi mia tano ni wúbǎi, mia tisa ni jiúbǎi. Mia mbili, kwa wanaotumia liǎng, ni liángbǎi. Mia tatu, sānbǎi, haibadiliki. Mutu aliyejifunza tano peke yake, chini chini, anaweza kupotewa na mia tano inayoanza kwa kupanda. Ndiyo maana kwenye maduka mengi mashini ya hesabu inapita kutoka mukono wa muuzaji mpaka wa munuzi bila neno hata moja, na hakuna anayeona haya.

Silabi tatu, tano

Toni mbili za tatu zikikutana, sheria ni rahisi. Zikiwa tatu, muzungumzaji anaanza kwa kuangalia maneno yapi yanashikana kwa maana. Zhǎnlǎn ni maonyesho, guǎn ni jengo. Jengo la maonyesho ni zhǎnlǎnguǎn, toni za tatu tatu kwa mustari. Kwa kuwa mbili za kwanza ni neno moja, zote mbili zinapanda: zhánlánguǎn. Lakini xiǎo lǎohǔ, chui-milia mudogo, inagawanyika mbalimbali: lǎohǔ ndiyo neno moja (yule munyama wa Asia mwenye milia), na xiǎo, mudogo, imesimama peke yake. Basi inakuwa xiǎo láohǔ, ya kwanza inabaki chini na ya katikati tu ndiyo inapanda.

Walimu wanapenda kutoa musemo huu: Lǎo Lǐ mǎi hǎo jiǔ, Muzee Li ananunua pombe nzuri. Silabi tano, zote toni ya tatu. Mutu akisema polepole, anagawa: Láo Lǐ, kisha mǎi háo jiǔ. Akiharakisha kidogo: Láo Lí mǎi háo jiǔ. Akikimbiza kabisa: Láo Lí mái háo jiǔ, nne zinapanda na ya mwisho tu inabaki chini. Zote tatu ni sahihi. Sheria haisemi kitu kimoja tu. Inategemea mwendo wa kinywa na namna mutu anavyokata maneno yake. Hapo mashini na wanafunzi wanateseka pamoja.

Juu ya haya kuna silabi zisizokuwa na toni, zile zinazosemwa haraka na bila nguvu. Dōngxī, zote mbili kwa nguvu, ni mashariki na magharibi. Dōngxi, ya pili ikilegezwa, ni kitu, bidhaa. Kwenye soko, ni hii ya pili inayosikika.

Si jambo geni hapa

Musemaji wa Kiswahili anaweza kuona haya yote kuwa maajabu, kwa sababu Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maneno. Lakini mashariki ya Kongo watu wachache wana Kiswahili peke yake kinywani. Kinande, Mashi, Kihavu, Kifuliiru, Kilega, Kinyarwanda, zote ni lugha za toni. Kwa Kinyarwanda, inda ni tumbo na inda ni chawa. Anayeandika hatofautishi, anayesema anatofautisha. Kwa Lingala, moto ikiwa chini yote ni mutu, na motó ikipanda mwisho ni kichwa. Mutoto aliyekua na lugha hizi ana sikio la toni tayari, hata kama hakuna aliyemuambia shuleni.

Tena lugha za Kibantu nazo zinabadilisha toni zikikutana. Kuna sheria moja inayoitwa kwa jina la Mubeljiji Achille Emile Meeussen, aliyeandika sarufi ya Kirundi iliyotoka mwaka 1959 na ya Kilega mwaka 1971. Kwa lugha nyingi za Kibantu, toni mbili za juu zikifuatana, ya pili inashuka. Ni kama kioo cha Kichina: kule mbili za chini hazikai pamoja na ya kwanza inapanda, huku mbili za juu hazikai pamoja na ya pili inashuka. Lugha hizi hazina undugu wowote. Kinachofanana ni hali ya sauti mbili sawa kusukumana.

Na hata Kiswahili, bila toni, kina jambo la namna hii. Mutu anasema "mti murefu" lakini "kamba ndefu". Ile "r" imekwenda wapi? Ikikutana na "n" inageuka "d", na hakuna mama aliyemufundisha mutoto wake sheria hiyo. Watoto Wachina nao ni vile: wanaanza kugeuza toni ya tatu karibu wakati uleule wanapoanza kuunganisha maneno mawili, na wanakosea mara chache tu.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 16, mutafsiri wa Korea Choe Sejin, aliyekuwa akitengeneza vitabu vya kufundisha Kichina kwa watu wa inchi yake, aliandika kwamba toni zinabadilika zikifuatana. Yeye pia alikuwa mugeni anayesikiliza kutoka inje, na pengine ndiyo sababu alisikia kile ambacho wenyewe hawakukisikia.

Kwenye karatasi hakuna kitu

Shida ya mwanafunzi ni kwamba maandishi hayamusaidii. Alama za Kichina zenyewe hazionyeshi toni. Maandishi ya herufi za Kilatini, yale yanayoitwa pinyini na yaliyokubaliwa na bunge la Uchina mwaka 1958, yanaweka toni ya asili ya kila silabi. Nǐ hǎo inabaki nǐ hǎo. Kwa "bu" na "yi", vitabu vingine vya shule vinaandika toni iliyogeuka, vingine vinaacha ile ya asili, na mwanafunzi mwenye vitabu viwili anafikiri kimoja kina kosa. Kamusi za telefone zinasomesha silabi moja moja, kwa hiyo zinatoa ile V kamili ambayo sokoni haisikiki. Afadhali kusikiliza musemo muzima na kuurudilia, kuliko kukariri silabi.

Anayeandika ujumbe kwenye telefone yeye hana tabu hiyo: anapiga herufi "mai" bila toni, kisha anachagua alama. Anayetuma sauti kwa WeChat ndiye anayepaswa kuangalia.

Kwa wanaoelekea Guangzhou, jambo moja zaidi. Lugha ya wenyeji wa pale ni Kikantoni, yenye toni 6, na sheria hii ya toni ya tatu si yake. Kule Shanghai, toni ya silabi ya kwanza ndiyo inayotawala neno zima. Kwa watu wa Xiamen na Taiwan wanaosema Kiminani, karibu kila silabi inabadilika isipokuwa ya mwisho. Lakini wauzaji kwenye masoko makubwa ya Guangzhou wanatoka majimbo mengi ya Uchina, na wao kwa wao wanazungumza Mandarini, kila mumoja na lafuzi ya kwao.